Msomaji Wangu wa Ruiru

Kwa miaka miwili niliandika kila siku kitu ambacho hakuna aliyekisoma, na sijawahi kuandika kwa raha kama wakati ule.

Nilikuwa nimeajiriwa kwenye kiwanda kimoja cha kuangulia vifaranga, nje kidogo ya mji wa Thika ukielekea Ngoliba. Mayai yaliletwa na lori, yakapangwa kwenye trei, yakaingizwa kwenye mashine kubwa kama makabati, na baada ya siku ishirini na moja vifaranga vikatoka vikilia. Mimi kuku sikuwajua. Nilikuwa nimesomea kompyuta katika chuo cha hapo hapo Thika, na kazi niliyopewa ilikuwa kuandika programu ya kusoma joto na unyevu wa kila mashine, kugeuza trei kila saa na kuwasha feni. Kuku wenyewe niliwaangalia kutoka mbali.

Programu yoyote iliyoandikwa vizuri huacha maelezo ya inachofanya. Saa fulani nimeanza kazi, saa fulani nimegeuza trei, saa fulani nimetafuta kipimo cha joto nikakikosa. Maelezo hayo sisi wa kazi hii tunayaita logi. Yanajipanga mstari kwa mstari ndani ya faili, ili siku mambo yakiharibika mtu arudi nyuma aone yalianzia wapi. Sasa, maneno ya mistari hiyo huchaguliwa na aliyeandika programu. Aliyeandika programu nilikuwa mimi, msichana wa miaka ishirini na minne, peke yangu kwenye chumba kisicho na dirisha. Nilijua kwamba faili ile ilifunguliwa na mtu mmoja tu duniani, yaani mimi. Kwa hiyo niliandika jinsi ninavyoongea.

Wenzangu wangeandika "Mfumo umeanza." Mimi niliandika "Habari za asubuhi. Tumeamka salama." Mlango wa mashine ukiachwa wazi, programu iliandika "Nani huyo ameacha mlango wazi? Kwani kwenu hakuna milango?" Joto likishuka, iliandika "Jameni baridi." Kipimo cha joto kisipojibu, iliandika "Mashine ya tatu imeninunia."

Milango ya mashine ilifunguliwa kwa kadi, na kila mtu alikuwa na kadi yake, kwa hiyo programu ilimjua kila anayeingia. Hapo ndipo nilipojiachilia kabisa. Fundi wetu, mtu mzima wa Ngoliba aliyekuwa ametunza zile mashine kabla mimi sijamaliza shule ya msingi, akifungua mlango iliandikwa "Fundi ameingia na nyundo yake. Mashine, jikazeni." Naye mkurugenzi alikuwa na tabia ya kuleta wageni kila Alhamisi, vikundi vya wafugaji na watu wa kanisa lake, akafungua mlango wa mashine ya tatu iliyokuwa karibu na lango, akasimama hapo hapo na kueleza maajabu ya yai. Kwake yeye niliandika "Mkubwa ameingia. Anahutubia mayai." Akifunga mlango, programu ilihesabu dakika na kuandika "Ametoka," kisha dakika ngapi, kisha joto limefika wapi, na mwishoni, "Mayai yamesikia."

Nilikuwa nikifungua faili jioni kabla ya kwenda nyumbani, nacheka peke yangu, nafunga.

Halafu mkurugenzi akaenda semina Nairobi. Aliporudi alituambia kwamba kampuni ina programu tatu, ya mauzo, ya stoo ya chakula cha kuku na yetu ya mashine, na kila moja inajiandikia mambo yake kwenye pembe yake kama watu wasiosalimiana. Kuanzia mwezi ule, zote zingetuma logi zao mahali pamoja, kwenye seva ya ofisi kuu ya Ruiru. Huko kungekuwa na skrini kubwa, king'ora, na mtu wa kuangalia siku nzima. Jambo la dharura likitokea, king'ora kingelia na ujumbe mfupi ungeingia kwenye simu ya mkurugenzi mwenyewe popote alipo.

Mtu wa kuangalia alikuwa mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa upande wa Bungoma. Nilikuwa sijamwona. Nilisikia tu kwamba alikuwa mpokeaji simu wa ofisi tangu zamani, ile kazi ya kuunganisha watu kwa swichi, mpaka kila mtu akawa na simu yake mfukoni na swichi ikakosa wateja. Mkurugenzi hakutaka kumwachisha kazi. Alimpeleka kozi ya wiki mbili, akampa skrini.

Maagizo yalitumwa kwa simu, karatasi iliyopigwa picha. Ilisema kila ujumbe lazima ubebe vitu vinne: saa, jina la mashine ulikotoka, jina la programu, na namba kati ya sifuri na saba ya kuonyesha uzito wa jambo. Maelezo ya namba, karatasi ilisema, yako upande wa pili. Upande wa pili haukupigwa picha. Ningeweza kuuliza. Sikuuliza, kwa sababu nilikuwa msomi wa kompyuta na sikutaka kuonekana nauliza maswali ya kitoto. Nilifikiri kidogo nikaona mambo ni wazi: sifuri ni kitu kidogo, saba ni kitu kikubwa. Salamu nikazipa sifuri. Milango, sifuri. Fundi na nyundo, sifuri. Feni kufa, au joto kupanda kupita kiasi, saba.

Jumatatu saa tatu asubuhi niliunganisha programu na seva ya Ruiru. Kabla sijakunja mikono nifurahie, simu ya mezani ikalia. Ilikuwa sauti ya mama, tulivu, ya mtu aliyezoea simu.

"Hapo Thika kuna dharura gani?"

Nikamwambia hapa kwetu ni shwari kabisa.

"Mimi huku king'ora kinalia, na skrini yote ni nyekundu."

"Imeandika nini?"

Nyuma yake nilisikia king'ora kikilia kama kweli mtu anakufa. Kisha akasoma polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. "Imeandika, 'Habari za asubuhi. Tumeamka salama.'"

Niligeukia kompyuta yangu. Ndivyo ilivyoandikwa.

"Sasa," akasema, "nijibu nzuri, ama niite zimamoto?"

Tukiwa bado kwenye simu, fundi akafungua mlango wa mashine ya kwanza, na huko Ruiru king'ora kikaanza upya. Mama akanisomea habari za fundi na nyundo yake, kisha akaniuliza kama huyo mtu ni hatari. Nikamweleza. Akauliza salamu nimezipa namba gani. Nikamwambia sifuri, kwa kuwa ni salamu tu.

"Binti," akasema, "sifuri ndiyo mbaya kuliko zote. Sifuri ni nyumba inaungua. Saba ni umbea."

Nilisikia joto likinipanda kutoka shingoni. Nilijaribu kujitetea kwamba shuleni sifuri ni kidogo. Akasema huku ni kama foleni ya hospitali, mwenye namba ndogo ndiye anaonwa kwanza. Hakunicheka. Hilo lilinitia aibu zaidi.

Kabla sijamaliza kubadilisha chochote, gari la mkurugenzi liliingia kwa kasi langoni. Ujumbe wa dharura ulikuwa umemkuta kwa daktari wa meno mjini Thika, sindano ya ganzi ikiwa imeshaingia. Kwenye simu yake kulionekana maneno matatu tu, DHARURA, VIFARANGA, THIKA, naye alishuka kitini bila kungojea jino ling'olewe. Alishuka garini na kile kitambaa cha karatasi bado kimefungwa shingoni, nusu ya mdomo imelala, akiuliza jambo ambalo kwa masikio yetu lilikuwa "Fifaanga fiko fapi?" Fundi alipomwona mdomo umeenda upande, alidhani amepata kiharusi. Akamkalisha kwa nguvu juu ya kreti ya mayai, akafungua vifungo vya shati lake, akaanza kumpepea na trei. Mkurugenzi alipigana naye. Kadiri alivyopigana ndivyo fundi alivyozidi kuamini ni kiharusi.

Mwishowe nilimwonyesha mkurugenzi ujumbe wenyewe kwenye kompyuta. Aliusoma mara mbili. Akasema kitu kirefu, na kwa bahati nzuri hakuna aliyekielewa. Kisha akarudi kwa daktari wa meno.

Alasiri ile nilibadilisha namba za jumbe zote zilizopiga king'ora. Nilikuwa na haraka, nataka tu kelele ziishe. Zile za hatari, za feni na joto, hazikuwa zimepiga kitu siku ile, na kitu kisichopiga kelele ni rahisi kusahau. Nikazisahau.

Jumanne mama alipiga tena. Alijitambulisha kama yule mama wa Ruiru, akauliza habari ya nyumbani, kisha akasema, "Nimefika mwezi wa Agosti."

"Agosti gani, madam?"

"Ya mwaka juzi. Nilitaka kuuliza, ile mashine ya tatu iliyokununia, mlipatana?"

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilikaa chini. Programu ndogo ya kutuma logi ina mahali pa kuchagua ianzie wapi, mwisho wa faili au mwanzo. Mimi sikuchagua. Yenyewe ilianzia mwanzo, na ilikuwa imepeleka Ruiru kila neno nililoandika kwa miaka miwili. Na huyu mama alikuwa anasoma kwa mpangilio, kutoka mstari wa kwanza, kwa sababu kozi ya wiki mbili ilimwambia kazi yake ni kusoma logi, na hakuna aliyemwambia kwamba watu hawasomi zote.

Nilimwuliza kwa sauti ya kujifanya sijali kama amekutana na mstari wowote wenye neno Mkubwa.

"Nimekutana naye," akasema. "Anapenda kuongea."

Sikulala vizuri. Jumatano nilimwambia fundi ninaenda mjini kununua waya, nikaenda Ruiru na mfuko wa avokado kumi za shambani kwetu.

Nilimkuta kwenye chumba kidogo ghorofani, miwani imening'inia kwa kamba, redio inaimba nyimbo za dini kwa sauti ya chini, na mbele yake skrini kubwa kuliko dirisha. Kando alikuwa na daftari ambamo alinakili kwa mkono yale aliyoona ni ya maana. Aliinuka kunisalimia kwa mikono miwili. Alipokea avokado, akazipapasa moja moja kujua ipi italiwa lini, kisha akaniuliza nimekuja kwa sababu gani. Nikamwambia ukweli: kuna mistari inayomhusu mkurugenzi, na nilikuwa naomba aifute.

Aliniambia kwamba kwenye swichi alisikia mambo ya watu kwa miaka mingi, ya ndoa, ya ugonjwa, ya watu kusemana, na hakuna neno hata moja alilolitoa nje. Lakini pia hakuna simu hata moja aliyoikata.

"Mimi sisemi, na sifuti," akasema. "Ukifuta moja, kesho mwingine atakuja na avokado zake afute ya kwake. Halafu hii mashine ni ya nini?"

Nilimsihi kidogo zaidi. Alinimiminia chai ya thamosi, na nikaelewa hilo ndilo jibu. Avokado hakurudisha.

Nilipokuwa nakunywa, alifungua daftari lake akaniambia, kwa upole, kwamba anafurahia kunisoma lakini nina makosa. Nikadhani ni ya namba. Hayakuwa ya namba.

"Hii 'Jameni baridi'. Nani ana baridi? Mashine gani? Baridi kiasi gani? Mimi nimekaa Ruiru. Nikiisoma nifanye nini, nilete blanketi?"

Nilicheka, lakini yeye alikuwa anauliza kweli. Akaendelea kugeuza kurasa. Ujumbe wa kununa ulimpendeza sana lakini haukumwambia kama mtu aende akaangalie au aache. Ule wa mlango ulimtukana mtu bila kutaja mlango upi. Wa mkurugenzi peke yake, akasema, ndio ulikuwa umekamilika: nani, wapi, kwa muda gani, na joto limefika ngapi. Alisema hivyo bila kutabasamu, na hadi leo sijui kama alikuwa ananitania.

Alhamisi mchana nilikuwa nje kwenye kivuli cha tangi la maji nakula githeri. Wageni wa mkurugenzi walikuwa wameshaondoka. Simu ya ofisi ilianza kulia nikaiacha, ikalia tena, nikainuka.

"Binti, huku chini kwenye umbea kuna ujumbe wako," mama alisema. "Unasema, 'Feni ya mashine ya tatu imekufa. Mungu nisaidie.' Ni ya kweli, ama ni zile zako?"

Nilitupa simu. Ujumbe wa kufa kwa feni nilikuwa nimeupa saba, kwa akili zangu za Jumatatu, na nikauacha na saba yake. King'ora hakikuwa na haja nao. Skrini ya Ruiru ilikuwa imepangwa kuficha saba zote kwenye ukurasa wa chini kabisa ambao hakuna anayeufungua. Mama aliniambia baadaye kwamba aliamua kuufungua kila baada ya nusu saa, kwa sababu mtu aliyepiga king'ora kwa ajili ya salamu, huenda siku ya msiba akanong'ona.

Mashine ya tatu ilikuwa na mayai ya siku ya kumi na tisa, vifaranga vimeshaanza kugonga ganda. Ndani palikuwa pamenyamaza. Feni isipozunguka, hewa haisogei, trei za juu zinapikika na za chini zinapoa. Nilimwita fundi, akaja mbio, na nilikuwa sijawahi kumwona akikimbia. Belti ya feni ilikuwa imekatika. Hakuwa na nyingine stoo. Alisimama kidogo, akakuna kichwa, akaenda nyuma kwenye pampu ya maji, akarudi na belti ya pampu mkononi. Tulishusha trei za juu mimi na yeye, moja moja, na mimi niliyewaangalia kuku kutoka mbali nilikuwa nimeikumbatia trei iliyojaa mayai yanayolia kwa ndani. Alifunga ile belti, akapiga kifuniko nyundo mara mbili, feni ikaanza kuzunguka. Kiwanda kilikaa bila maji mpaka jioni. Mayai yalipona karibu yote.

Nilidhani tutapongezwa. Kumbe kwa miezi mingi mayai ya mashine ya tatu yalikuwa yanaanguliwa vibaya kuliko ya nyingine, na mkurugenzi alikuwa ameshaamua kosa ni la fundi. Kufa kwa feni kulimpa ushahidi. Aliagiza mkutano Jumatatu, Ruiru, na akataka mama achapishe logi zote za mashine ya tatu za miezi sita. Fundi aliambiwa aje na sanduku lake la vifaa vya kampuni. Kila mtu alijua maana ya kuambiwa uje na sanduku.

Tulikuwa wanne mezani. Mkurugenzi, jino limeshatoka na mdomo umerudi mahali pake, fundi, amevaa koti la kanisani na sanduku liko kati ya miguu yake, mimi, na mama, na rundo la karatasi mbele yake. Mkurugenzi alimwambia asome kila mahali joto liliposhuka, na kabla yake kilitokea nini. Mama alivaa miwani. Aliniangalia mara moja tu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitamweleza nini mama yangu mzazi.

Akasoma kwa ile sauti yake ya swichi, isiyopanda wala kushuka.

"Alhamisi. Saa tano na dakika kumi. Mkubwa ameingia. Anahutubia mayai. Saa tano na dakika ishirini na nne. Ametoka. Dakika kumi na nne. Joto limeshuka nyuzi sita. Mayai yamesikia."

Akageuza karatasi.

"Alhamisi iliyofuata. Saa tano na dakika tano. Mkubwa ameingia. Anahutubia mayai."

Alisoma Alhamisi tisa mfululizo. Kati ya Alhamisi na Alhamisi fundi aliingia na nyundo yake, mashine zikaambiwa zijikaze, na kila alipotoka joto lilikuwa limerudi mahali pake. Hilo nalo alilisoma lote. Fundi alikuwa anaangalia dari. Nje kulikuwa na mtu anauza mahindi ya kuchoma, na nilitamani sana kuwa yeye.

Mkurugenzi akainua mkono. "Mkubwa ni nani?"

Mama akajibu. "Kadi namba moja, bosi. Ni yako."

Mkurugenzi alinigeukia. Alinitazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko hotuba zake zote.

"Na hii 'mayai yamesikia'," akasema, "ni kipimo cha nini?"

Nikamwambia si kipimo. Nikamwomba msamaha, maneno yakanitoka yakiwa yamechanganyikana, na katikati ya msamaha nikajikuta namwambia kwamba dakika na joto ni za kweli, hizo hazikuandikwa kwa utani. Alivuta zile karatasi upande wake. Akachukua penseli, akaanza kuweka alama kwenye kila Alhamisi, kisha akatoa karatasi nyingine kwenye begi, ya mayai yaliyoanguliwa na yasiyoanguliwa, akaziweka sambamba. Aliweka alama mpaka mwisho, kisha akaanza tena mwanzoni, nadhani akitafuta Alhamisi moja ambayo ingemtetea.

Hakuipata. Alimwambia fundi arudishe sanduku kwenye gari, kazi ni nyingi Thika. Msamaha hakumwomba, na fundi hakuonekana kuungoja. Alisema asante, akainuka, akafika mlangoni, akageuka kuniuliza mimi hayo mambo ya nyundo yalikuwa yanamaanisha nini hasa. Kwa wiki mbili hakunisemesha ila kwa ajili ya kazi, na kila aliponiona alihamisha nyundo mkono mwingine.

Mkurugenzi alitoa amri mbili. Ya kwanza, ukuta wa chumba cha mashine ukatwe, liwekwe dirisha la kioo, wageni waangalie kutoka nje. Hotuba hakuacha. Alihutubia kupitia kioo, pumzi yake ikipaka ukungu, wageni wakifuta kwa mikono ili waone yai. Amri ya pili ilikuwa niandike upya jumbe zote kwa lugha ya kazi, na kila moja ipitishwe na mama kabla ya kuwekwa.

Tulifanya kazi hiyo Jumamosi mbili nyumbani kwake Ruiru. Yeye alikuwa jikoni anasukuma chapati, mimi niko sebuleni na kompyuta, nasoma ujumbe mmoja kwa sauti. Kama baada ya kuusikia alijua kuna nini na afanye nini, alinyamaza. Kama hakujua, alisema "sijui" kutoka jikoni, nami nafuta. Jumamosi ya kwanza alisema "sijui" mpaka chapati zikaisha. Nilikuwa nadhani najua kuandika. Nilikuwa na maneno mengi na karibu yote yalikuwa ya kujifurahisha mwenyewe. Ilibidi nijifunze kumwona yeye, amekaa ghorofani na redio yake, haoni mashine, haoni mimi, ana mstari mmoja tu wa kumwambia kama ainuke au akae. Tulipofika kwenye salamu za asubuhi nikataka kuzifuta. Akatokea mlangoni na unga mikononi, akasema hiyo niiache, tena niipe sita, kwa sababu programu ya mauzo na ya stoo huanza kazi kila siku bila kumsalimia mtu.

Nilifanya kazi pale miaka mingine mitatu. Siku hizi naandika vitabu, na nimeshafundishwa na watu wenye shahada, lakini nikikwama kwenye sentensi bado nasikia mtu anasukuma chapati chumba cha pili.

Mama alistaafu. Ana kipande cha shamba Kalimoni, na mwaka huu nilienda kumwona. Anafuga kuku wa kienyeji. Mmoja alikuwa amelalia mayai ndani ya debe kuukuu nyuma ya jiko, akitutazama kwa jicho moja bila kusogea. Nilimwuliza mama ni siku ya ngapi. Akasema hajui, hajahesabu, kuku mwenyewe atatoka akimaliza. Tulihamisha viti tukakaa upande mwingine tusimsumbue, tukanywa chai, akaniambia habari za wajukuu mpaka jua likashuka.